Fundi Anapogeuka Bosi: Nani Asimamie Karakana?

Fundi seremala wa Keko, Dar es Salaam, aliyefanya kazi peke yake mpaka oda zikamzidi, hupewa ushauri wa kila aina siku anapotaka kuongeza mtu. Mtoa semina ya ujasiriamali humwambia aweke randa chini awe mkurugenzi. Mwenye karakana ya jirani humwonya kwamba akitoka tu, mbao nazo zitatoka. Mhasibu humkataza kuajiri yeyote kabla ya mkataba na usajili kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF. Kaka yake anataka amchukue mpwa wao aliyemaliza shule. Fundi cherehani wa Kariakoo, mama lishe wa Buguruni na mwenye saluni wa Arusha husikia maneno hayo hayo.

Mkanganyiko huu una gharama. Wapo wanaoajiri watu watatu kwa mkupuo, na baada ya miezi michache wanabaki na madeni na ugomvi. Wapo wanaokataa kuajiri kabisa, wakafanya kazi usiku na mchana mpaka afya inawageuka. Jamii huwalaumu wote kwa tabia zao: huyu hana nidhamu, yule hamwamini mtu. Naamini lawama hizo zimewaonea wengi. Chanzo kikubwa cha matatizo kiko kwenye muundo wa kazi yenyewe, na ndiko tunakopaswa kuangalia kabla ya kuanza kupimana tabia.

## Kazi moja inapozaa ya pili

Sera ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo ya mwaka 2003 iliiita biashara yenye watu 1 hadi 4 kuwa ndogo sana, na yenye watu 5 hadi 49 kuwa ndogo. Kwenye karatasi, mpaka uko kwa mtu wa tano. Kwa mwenye biashara, mpaka mgumu zaidi uko kwa mtu wa pili.

Akiwa peke yake, fundi amebeba ujuzi wa kazi, uamuzi wa bei, fedha na ahadi kwa mteja. Kipimo cha kitanda hakijaandikwa popote kwa sababu kiko kichwani. Ujira wake na faida ya karakana havijatenganishwa kwa sababu vyote vinaingia simu moja. Mtu wa pili akija, kila kimoja kati ya hivyo kinahitaji kutamkwa, kuandikwa au kukabidhiwa. Hiyo ni kazi mpya, nayo inakula saa za kazi ya zamani.

Tuchukue mfano wa kubuni wenye hesabu nyepesi. Fundi anatengeneza vitanda 4 kwa wiki, na kila kimoja kinamwachia shilingi 60,000 akishatoa mbao, gundi, vanishi na umeme. Kwa wiki anapata 240,000. Anamchukua kijana kwa 70,000 kwa wiki. Kijana bado anajifunza, kwa hiyo robo ya muda wa fundi inakwenda kumwelekeza na kurekebisha. Vitanda vya fundi vinashuka hadi 3, na kijana anatoa 1. Jumla ni vilevile 4, ila sasa kuna mshahara wa kulipa, na fundi anabaki na 170,000. Kijana akifikia vitanda 2, fundi anapata 230,000, bado pungufu ya alichokuwa akipata peke yake. Ni mpaka kijana atoe vitanda 3 ndipo fundi anapofika 290,000. Hata hapo lazima wapatikane wateja wa kununua vitanda 6 kila wiki.

Fundi anayeona kipato kimeshuka hivyo mwezi wa kwanza huamini kwamba kijana ni mvivu au anaiba. Huenda kijana anajitahidi kwa moyo wote. Kilichotokea ni kwamba fundi analipia mshahara na mafunzo kwa wakati mmoja, huku bei ya kitanda ikiwa ileile aliyoipanga enzi ambazo hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwepo.

Tafiti za nchi nyingine zinaonyesha kuwa hesabu hii haiko kwenye karatasi tu. Nchini Sri Lanka, Suresh de Mel, David McKenzie na Christopher Woodruff waliwapa wenye biashara ndogo sana ruzuku ya mishahara ili waajiri. Waliajiri ruzuku ilipokuwepo. Ilipokwisha, hakukubaki ongezeko la kudumu la wafanyakazi wala la faida. Nchini Ghana, Morgan Hardy na Jamie McCasland walipata picha nyingine: biashara ndogo zilizopatiwa wanagenzi zilikua na faida yao ikapanda. Nikiziweka tafiti hizo mbili bega kwa bega, tofauti ninayoiona muhimu ni hii: mwanagenzi wa Ghana huingia karakana akijulikana na wote kuwa amekuja kufundishwa, na bosi wake anajua tangu mwanzo kwamba kufundisha ni sehemu ya kazi yake.

Kuna kikwazo kingine kilicho karibu zaidi nasi. Watafiti wakiongozwa na Vittorio Bassi walichunguza karakana za useremala, uchomeleaji na mashine za kusaga nafaka nchini Uganda. Kwenye useremala hasa, walikuta kwamba wafanyakazi wengi ndani ya banda moja wanafanya kazi kama waliojiajiri. Kila mmoja anaanza kitu na kukimaliza mwenyewe, mara nyingi kwa mteja wake, na wanachochangia ni banda na vifaa. Sababu inaeleweka. Kila mteja anataka kabati lake kwa namna yake, na kumweleza mtu mwingine oda isiyofanana na ya jana ni kazi ngumu kuliko kuifanya mwenyewe. Aliyewahi kusimama Keko akisubiri mlango wake atayatambua maelezo hayo mara moja.

## Mwenye mali abaki kazini

Kuhusu nani asimamie kazi, msimamo wa kwanza, na ndio wenye wafuasi wengi, unasema mwenye biashara asiondoke. Wateja walikuja kwa jina lake na kwa mkono wake. Akiwepo anaona ubao unaokatwa vibaya kabla haujapotea, anamjua mteja msumbufu, na fedha inapita mbele ya macho yake. Biashara yenye watu wawili au watatu haina faida ya kumlipa msimamizi, hivyo uwepo wake ndio usimamizi wa bei nafuu kuliko wote.

Udhaifu wake hujitokeza polepole. Saa zake zinakuwa dari la biashara. Kijana anayeishiwa msasa husimama mpaka bosi apokee simu. Mteja anayeuliza bei huambiwa asubiri mwenyewe arudi. Bosi akiugua wiki mbili, karakana nayo inaugua. Kibaya zaidi, mfanyakazi asiyeruhusiwa kuamua chochote hajifunzi kuamua, na baada ya mwaka bosi anapata ushahidi wa kile alichokiamini tangu mwanzo, kwamba bila yeye hakuna kinachokwenda.

Mwaka 1972 mtaalamu wa usimamizi Larry Greiner aliandika kwamba kampuni changa hukua kwa ubunifu wa mwanzilishi wake, kisha hugonga mgogoro wa uongozi, pale njia zilizoikuza zinapoanza kuikwamisha. Aliyekuwa akiwaza kampuni za Marekani alieleza pia hali ya mama lishe anayepika, anayepakua na anayepokea fedha peke yake huku foleni ikirefuka.

## Ndugu kwanza

Msimamo wa pili unatafuta imani nyumbani. Mpwa, mdogo wake au mke anakaa dukani. Wanaoubeza msimamo huu wanauchukulia kijuujuu. Timu ya Nicholas Bloom, iliyochunguza viwanda vya nguo karibu na Mumbai, India, na kuchapisha matokeo mwaka 2013, ilionyesha kuwa kuboresha usimamizi kuliongeza tija kwa asilimia 17 ndani ya mwaka wa kwanza. Ilibaini pia kwamba ukubwa wa kampuni ulikwenda sambamba sana na idadi ya wanaume wa familia ya mmiliki walioweza kushika nafasi za juu. Wamiliki waliogopa wizi, na mahakama hazikuwa msaada wa haraka. Mahali ambapo kesi ya wizi wa mbao haitasikilizwa kwa wakati, kumtegemea ndugu ni uamuzi wenye akili. Hata kundi la kampuni la Said Salim Bakhresa, aliyeanza na mgahawa, limeendelea kuwa na wanawe kwenye uongozi pamoja na wataalamu wa kuajiriwa.

Tatizo ni malipo. Ndugu wengi huingia bila mshahara uliotajwa: anakula, analala, anasaidiwa nauli. Kwa kuwa haki yake haikutajwa, anajikatia mwenyewe kutoka kwenye droo, na moyoni haoni kuwa ameiba. Kumwondoa nako kunageuka kikao cha ukoo. Fundi anayemchukua mpwa wake ameiletea biashara mtu wa kuaminika na wakati huohuo amejifunga mikono. Mshahara uliotajwa na kazi iliyoandikwa hupunguza sehemu kubwa ya madhara haya, na ndicho kitu ambacho familia nyingi huona aibu kukifanya.

## Hesabu, asilimia na kipande

Msimamo wa tatu ni wa kwetu kabisa, na wachambuzi wa biashara hawaupi uzito unaostahili. Mwenye daladala au bodaboda hamsimamii dereva. Anapokea hesabu jioni, na kinachozidi ni cha dereva. Kinyozi hugawana na mwenye saluni kwa asilimia, au hulipia kiti. Fundi cherehani hulipwa kwa kipande. Kwa njia hizi mwenye mali anakwepa swali zima la kuwa bosi, kwa sababu hahitaji kujua kama mtu amefanya kazi kwa bidii, hesabu inamjibu.

Nguvu ya utaratibu huu ni kubwa. Hauhitaji karani wala vikao. Mtu mwenye bidii anapata zaidi bila kuomba. Siku mvua inaponyesha na wateja wakakosekana, mwenye biashara anayelipa kwa kipande haingii hasara ya mishahara. Kwa mtu aliyezoea kufanya kazi peke yake, ndiyo njia inayomtaka abadilike kidogo kuliko zote.

Gharama yake imejificha ndani ya nguvu hiyohiyo. Anayedaiwa hesabu kila jioni analikimbiza gari leo, na breki na tairi ni shida ya mwenye gari kesho. Anayelipwa kwa kipande anashona haraka, na mshono ukifumuka mteja anarudi kwa mwenye jina. Hakuna anayelipwa kumfundisha mwenzake, kwa hiyo ujuzi hausambai. Kila mmoja anauficha kwa sababu ndiyo riziki yake. Na yule aliyewahudumia wateja kwa mkono wake ana namba zao kwenye simu. Siku akifungua kiti chake ng'ambo ya barabara, anaondoka nao, na si haki kumwita msaliti, maana utaratibu wenyewe ulimfanya mfanyabiashara tangu siku ya kwanza.

Sheria nayo haifuati jina tulilompa mtu. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinamdhania mtu kuwa mwajiriwa, bila kujali umbo la mkataba, ikiwa lipo hata moja kati ya mambo yaliyotajwa humo: kwa mfano, kama namna anavyofanya kazi iko chini ya maelekezo ya mwingine, kama anatumia vifaa vya mwingine, au kama anamtegemea kiuchumi. Kijana anayeingia saa 2 asubuhi na kutoka jioni kila siku, akitumia cherehani ya bosi, anaweza kuhesabiwa kuwa mwajiriwa hata kama hajawahi kulipwa mshahara wa mwezi. Wengi hugundua jambo hili wanapoitwa kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

## Kuajiri msimamizi

Msimamo wa nne ndio wa semina. Mizizi yake iko kwenye vitabu kama The E-Myth cha Michael Gerber, kilichotoka mwaka 1986, kinachodai kwamba fundi hodari hudhani kujua kazi ni sawa na kujua kuendesha biashara ya kazi hiyo. Hoja hiyo ni ya kweli na inafaa kurudiwa. Hitimisho linalotolewa hapa kwetu, kwamba fundi atoke karakana amwachie meneja, linaruka hatua. Meneja mwenye uwezo anataka mshahara ambao karakana ya watu watatu haiuzalishi, na hakuna daftari la kumpima nalo. Akiingia mahali pasipo na kumbukumbu za oda, mbao na malipo, atafanya kazi kwa kubahatisha au atajinufaisha, na bosi hatajua ni lipi kati ya hayo.

Mfano unaopendwa ni wa hayati Reginald Mengi, aliyeanza kwa kuunganisha kalamu nyumbani na kufikia kujenga kundi la kampuni la IPP. Hadithi hiyo inatia moyo. Wanaoisimulia wakumbushe pia kwamba alikuwa mhasibu mtaalamu aliyefikia kuiongoza kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Coopers & Lybrand nchini. Kusimamia watu na kusoma vitabu vya hesabu hakukuwa kitu kigeni kwake. Fundi wa Keko anaanza mbali zaidi, na si haki kumpima kwa kipimo hicho.

## Sheria inavyoingia kwenye hesabu

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, likizo ya mwaka ya siku 28, likizo ya uzazi ya siku 84, na notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Mwajiri huchangia NSSF, kwa kawaida asilimia 10 ya mshahara huku mfanyakazi akikatwa 10, na asilimia 0.5 kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Tozo ya kuendeleza ujuzi haimgusi mwenye watu chini ya 10. Kwa yule kijana wa 70,000 kwa wiki, michango ya mwajiri inaongeza 7,350. Hicho ni kiasi kinachobebeka kikiingizwa kwenye bei mapema, na kinachoumiza kikidaiwa kwa malimbikizo ya miaka mitatu.

Jambo linalokosewa kila siku ni makato. Mbao ikiharibika, bosi hukata mshahara palepale. Sheria inataka kosa liwe la mfanyakazi, aelezwe sababu kwa maandishi, apewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya malipo yake. Zaidi ya sheria, kuna busara hapa: kijana anayekatwa kwa kila kosa hujifunza kuficha makosa, na kosa lililofichwa humfikia mteja.

## Kipi kinazidi kipi

Nikiyapima yote, sioni msimamo mmoja unaofaa kila mahali, lakini naona mpangilio. Mwenye biashara abaki karakana miaka ya mwanzo. Katika hilo wafuasi wa msimamo wa kwanza wako sahihi. Wanapokosea ni kudhani abaki akifanya kazi ileile. Aache kushika kila ubao, awe mkaguzi wa sehemu mbili ambazo kosa lina gharama kubwa: kabla ya kukata, na kabla ya vanishi. Sehemu zilizobaki amwachie mtu azifanye mwanzo hadi mwisho, na ampe kiwango cha fedha cha kununulia misumari, gundi na msasa bila kupiga simu.

Malipo yafuate hali ya mtu. Anayejifunza alipwe mshahara, kwa sababu kipande kitamnyima chakula na kumfundisha kulipua kazi. Aliyebobea anaweza kulipwa kwa kipande, akiongezewa malipo ya wazi kwa kumfundisha mwingine. Ndugu aingie kwa masharti yaleyale ya mgeni. Na kabla ya meneja, mtu wa kwanza wa ofisi awe karani wa kuandika oda, malipo na mbao, hata kwa siku mbili kwa wiki. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na karakana ya watu wawili tayari ina mali ya kutosha kupotea. Namba ya malipo ya biashara itenganishwe na simu ya mwenyewe, naye ajilipe mshahara unaojulikana. Bila hatua hiyo hawezi kujua kama biashara inamudu mtu wa pili. Anabaki kukisia, na kukisia ndiko kunakozaa tuhuma kwa wafanyakazi.

Kuna jambo jingine linalohitaji kusemwa waziwazi. Fundi anaweza kuamua kubaki peke yake, akapandisha bei, akachagua oda na kumwelekeza mteja wa ziada kwa mwenzake. Hajashindwa. Kusimamia watu ni kazi ambayo wengine hawaipendi, na kuilazimisha huumiza waliopo chini yao kuliko kunavyowaumiza wenyewe.

Kinachokosekana zaidi ni mahali pa kujifunzia. Mafunzo ya Kaizen, mbinu ya Kijapani ya kuboresha kazi hatua kwa hatua, waliyopewa wenye biashara ndogo za kushona nguo Dar es Salaam, yaliyochunguzwa na Yuki Higuchi, Edwin Mhede na Tetsushi Sonobe, yalionyesha kwamba wenye biashara hizo wanaweza kubadili namna wanavyosimamia na wakaendelea na mbinu hizo baada ya mafunzo kwisha. Shirika la viwanda vidogo, SIDO, lipo tangu 1973, VETA ya mafunzo ya ufundi ina vyuo mikoani, na halmashauri hutoa mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mafunzo yanayoambatana na mikopo hiyo yasiishie kwenye andiko la mradi na marejesho. Yaongeze somo la siku chache la kumpokea mfanyakazi wa kwanza: kukokotoa bei yenye mshahara ndani yake, kuandika mkataba wa ukurasa mmoja, kukabidhi kazi na kukagua. Fundi apewe somo hilo kabla hajamwita kijana wa kwanza, wakati bado ana nafasi ya kubadili bei yake.